Upepo Umejaa, Breki Hakuna

Madereva, sogeeni mbele. Kila nikianza kuzungumzia breki za tela, dereva hukaa nyuma akisema hiyo ni kazi ya utingo. Anayekanyaga ni nani?

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: breki za upepo zikilegea hazikuambii. Gari dogo la breki za mafuta, pedali inazama, mguu unajua. Kwenye tela pedali ni ileile, geji inasoma vilevile, na ule mlio wa pshii unausikia kama kawaida.

Mimi nilikuwa utingo. Tumepakia Mbeya, tunakwenda Dar, mbele yetu mteremko wa Kitonga. Asubuhi dereva akakanyaga, nikasikia upepo, nikamwambia, "Ziko sawa, kaka." Sikuingia uvunguni. Katikati ya mteremko tukanusa lainingi zikiungua, yale mabamba yanayobana dramu, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu. Dramu ikipata moto inatanuka, inazikimbia lainingi. Fimbo ya chemba, ile inayosukumwa na upepo ili breki zibane, nayo inabidi itoke zaidi ili izifikishe lainingi kwenye dramu. Kama tangu asubuhi ilikuwa imelegea, inafika mwisho wa chemba kabla lainingi hazijabana. Geji inasoma bar 8, dereva amesimamia pedali kwa miguu yote miwili, na gari linakwenda. Kilichotuokoa ni gia ndogo aliyoingiza tangu juu, na ukuta wa mlima aliouegemea. Lilipopoa nikapima. Magurudumu manne kati ya sita, fimbo ilikuwa inatoka zaidi ya sentimita 5. Nami nilikuwa nimesema ziko sawa!

Kwa hiyo pima. Tia vigingi kwenye tairi, achia breki ya kuegesha, chora chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Mwenzako akanyage upepo ukiwa bar 6 au 7, wewe upime chaki imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya saizi 30, ambayo iko kwenye matela mengi, ikifika sentimita 5 hujaruhusiwa kuondoka. Kukaza: zungusha nati ya mkono wa kukazia, ule uliofungwa mwisho wa fimbo, mpaka lainingi ziguse dramu, kisha rudisha robo hadi nusu mzunguko. Magurudumu yote, si yale yasiyo na matope tu.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, mimi nakaza palepale mlimani zikilegea." Usikaze dramu ikiwa ya moto! Ikipoa inasinyaa, inabana lainingi, unaondoka breki zinakokota mpaka tairi lishike moto.

Mwingine atasema tela lake breki zinajikaza zenyewe. Vizuri. Lakini ukiona moja inalegea kila wiki, weka spana chini, kagua bushi na pini, maana ugonjwa uko huko.

Nilitaka kuzungumzia mabomba na maji kwenye mitungi, ila jua linazama na tela liko pale nje. Nani ana chaki? Utingo abaki kwenye pedali leo, dereva ndiye aingie uvunguni.