Omena Waliohesabiwa Mara Mbili

(Mhadhara kwa wahasibu na wanafunzi wa uhasibu, Kisumu)

Asante, mwenyekiti. Wahasibu wenzangu, wanafunzi mnaosubiri matokeo ya mitihani ya KASNEB, na nyinyi mliofuata pointi za mafunzo, najua mpo, hamjambo.

Nimeombwa nieleze historia ya miungano ya taasisi za uhasibu katika kanda yetu. Nitaanzia Busia, mpakani. Walionisikia Nakuru wameanza kucheka. Chekeni tu, nitarudia mpaka mambo yabadilike.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ukaguzi. Tulipewa hesabu za mfanyabiashara mmoja wa omena aliyekuwa na stoo mbili, moja Busia ya Uganda, nyingine Busia ya Kenya. Kule anamwita mukene, huku omena, na angevuka kwenda Mwanza angemwita dagaa. Samaki ni yuleyule. Leja ilinuka ziwa. Ukifungua ukurasa, magamba yanadondoka mezani. Mzee alikuwa na swali moja: "Vijana, vitabu vinasema nimepata faida. Mbona sina pesa?"

Tukahesabu siku tatu. Siku ya nne tukayaona: magunia 40 yaliyovuka usiku wa Desemba 31. Mhasibu wa Uganda hakuwa ameyatoa kwenye stoo yake, maana hati ya kutoa mzigo iliandikwa Januari. Wa Kenya alikuwa ameshayapokea. Magunia 40 yakawa 80! Na mnajua akiba ya mwisho wa mwaka ikivimba, faida nayo inavimba. Mzee alikuwa akilipia kodi omena walioliwa Kakamega zamani.

Mtasema hilo ni kosa la karani, lahusiana vipi na miungano? Ngojeni. Kila mhasibu alikuwa na karatasi zake sawasawa. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kufungua daftari la mwenzake ng'ambo ya mpaka, wala chombo cha pamoja cha kuwakutanisha. Mzigo ulivuka, hesabu zikabaki pande mbili zikitazamana.

Sasa tazameni 1977. Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, tukagawana reli, ndege na lawama. Mwaka huohuo wahasibu wa dunia walikutana Munich wakaunda IFAC, shirikisho lao la dunia, na hapa Kenya ikapatikana Sheria ya Wahasibu iliyoizaa ICPAK, taasisi yetu ya wahasibu, mwaka uliofuata. Watanzania walitutangulia, sheria ya bodi yao ya NBAA ni ya 1972. Uganda walipata taasisi yao 1992. Kwa hiyo kila nchi ilijijengea nyumba yake, na ua wa pamoja ukaja kivyake. Ua huo ndio ECSAFA, shirikisho lililotuunganisha na wenzetu wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika: Zambia, Malawi, Zimbabwe na wengine. Wa Afrika Magharibi walikuwa na muungano wao, ABWA, tangu 1982.

Kuna kijana ataniuliza kwenye chai: mzee, si viwango vya kimataifa vya uhasibu vilimaliza tatizo? Kenya ilivichukua 1999, ni kweli, na vilisaidia sana. Lakini kiwango hukuambia namna ya kupima gunia. Hakikupi leseni ya kuingia stoo ya jirani.

Mei 2011, Dakar, ikazinduliwa PAFA, muungano wa bara zima. Kuizindua Senegal si bahati nasibu: wanaotumia Kifaransa wana mfumo wao wa hesabu wa OHADA, na bila wao ungekuwa mkutano wa Waingereza weusi. Hilo lina mhadhara wake, nalipita. Mwaka huohuo taasisi za Afrika Mashariki zikatia sahihi makubaliano ya kutambuana, mhasibu wa huku akubalike na kule. Nilifurahi, nikanunua hata tai mpya.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe rasmi 2018, lori linakaguliwa mara moja. Lakini mhasibu anayetaka kutia sahihi hesabu upande wa pili bado anajisajili upya, analipa ada upya, anangoja upya. Msiniambie ni mambo ya sheria za nchi. Hata mahindi yana sheria za nchi.

Mwenyekiti ameinua karatasi, eti dakika mbili. Nilikuwa na kurasa tatu juu ya hesabu za kaunti na IPSAS, viwango vya hesabu za serikali. Zimeliwa na omena. Basi niulize moja: nani humu ana leseni ya kukagua hesabu pande zote mbili za mpaka? Ainue mkono. Wewe pale nyuma, huo ni mkono au unajikuna?

Mmoja. Dada yangu, usiondoke kabla ya chai. Nataka kujua ulilipa ada ngapi, na ulingoja miezi mingapi.