Fimbo Hufuata Mshipi: Mhadhara kwa Wavuvi wa Fimbo, Mwanza

Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu, habari za jioni. Salamu zimeshatolewa, naingia kwenye jambo lenyewe. Ni lile lile ninalolisema kila mwaka, na kila mwaka mtu anatoka ukumbini akanunue fimbo kwa kutazama picha ya samaki iliyochorwa kwenye boksi. Fimbo ya inzi bandia hainunuliwi kwa samaki. Inanunuliwa kwa mshipi.

Tazameni. Ukirusha kijiko cha chuma cha gramu 30, kile chambo bandia kinachong'aa, kijiko ndicho chenye uzito. Kinaruka na kuburuta nailoni nyuma yake. Ukitupa mshipi wa mkono, chubwi ndilo linalokwenda. Inzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana. Mtupe kwa mkono, ataanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi: ni mnene, umevikwa plastiki, na wenyewe ndio unaorushwa, inzi yuko mwishoni kama abiria. Kazi ya fimbo ni kupindwa na uzito huo, kisha kuurudisha. Mshipi ukiwa mwepesi kuliko fimbo, fimbo haipindi, na wewe unabaki kurusha kwa nguvu za bega mpaka bega linauma. Ukiwa mzito kuliko fimbo, fimbo inalegea, mshipi unashuka nyuma yako na ndoana inagonga mwamba. Ncha ya ndoana imevunjika, hujui, unaendelea kurusha saa nzima na samaki wanamgusa inzi na kumwacha.

Ile namba iliyoandikwa juu ya mpini inasema jambo hilo tu. Namba 6 ni mshipi ambao mita zake 9 za mwanzo zina uzito wa gramu 10 na kitu. Namba 8, gramu 13 na nusu hivi. Namba 10, gramu 18. Haisemi kilo za samaki, narudia, haisemi kilo za samaki! Mtu anaona namba 8 anadhani ni samaki wa kilo 8. Halafu anasema, "Mimi natafuta sangara wa kilo 20, nipe kubwa kuliko zote," anapewa namba 12, na kufika saa nne asubuhi mkono haunyanyuki.

Najua kuna anayejiuliza: kama si kilo za samaki, kwa nini basi wanaovua samaki wakubwa wanatumia namba kubwa? Kwa sababu samaki mkubwa anapewa inzi mkubwa. Inzi wa kidole kizima, mwenye manyoya mengi, anashika upepo, na mshipi mwepesi hauwezi kumgeuza hewani. Anza na inzi, pamoja na upepo wa mahali pako. Hao wawili wanakupa mshipi, na mshipi unakupa fimbo. Ukianzia mwisho wa mnyororo huu umepotea.

Sasa samoni, samaki wa nchi za baridi. Mnaniuliza, samoni wa nini Mwanza? Hayupo, na hataishi kwenye maji haya ya uvuguvugu. Lakini fimbo hizi zilikuzwa kwa ajili yake na ndugu yake trauti wa baharini, na aliyezielewa kule atajua achague ipi hapa. Samoni ni kama ningu wetu, yule anayepanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, ila samoni anatoka baharini, na akishaingia mtoni hali tena. Anavuliwa kwenye mito mipana, yenye maji ya kasi, kingo zake zina miti. Mto Spey wa Scotland ndio uliotoa jina la urushaji ninaotaka muuelewe leo. Mvuvi ana ukingo mkali na miti mgongoni, hana nafasi ya kupeleka mshipi nyuma. Akashika fimbo ya mikono miwili, futi 12 hadi 15, akajifunza kuulaza mshipi juu ya maji mbele yake, kuuvuta mpaka ufanye tumbo kama la tanga kando ya bega, kisha kuusukuma. Nyuma mshipi hauendi zaidi ya mita chache.

Angalieni kingo zetu sasa. Kuanzia Capri Point mpaka Igombe, unasimama juu ya jiwe, nyuma yako jiwe jingine refu kuliko wewe na kichaka juu yake. Watu wanakuja na fimbo ya mkono mmoja ya futi 9, ndoana inanasa kichakani kila mara, wanasema uvuvi huu haufai hapa. Unafaa! Fimbo ndiyo haifai hapo. Chukua ya mikono miwili ya futi 12 au 13, namba 8 au 9. Urefu una sababu nyingine pia. Mvuvi wa samoni anaingia mtoni mpaka kiunoni; sisi hatuingii, kuna mamba, kuna viboko, kuna kichocho. Tunarusha tukiwa juu ya maji, na ukiwa juu, mshipi mfupi wa fimbo fupi unanyanyuka wote na hakuna kipande kinachobaki kimeshika maji. Kipande hicho ndicho nanga. Bila nanga, ukisukuma mbele, mshipi unakuja usoni.

Na hapa kuna mtego unaowanasa hata waliozoea. Namba 9 ya mikono miwili si sawa na namba 9 ya mkono mmoja. Mshipi wa mikono miwili una uzito zaidi ya mara mbili. Ukiuweka kwenye fimbo ya mkono mmoja unaivunja. Ukifanya kinyume, fimbo inasimama kama mwiko. Kwenye mikono miwili tazama gramu zilizoandikwa kwenye fimbo na gramu zilizoandikwa kwenye boksi la mshipi, zilingane. Muuzaji akikwambia "namba ni namba", ondoka.

Upepo. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukikupiga kwa ubavu wa kulia, tumbo la mshipi liwe kushoto. Siku zote upande ule upepo unakoelekea. Anayepuuza hili anachomwa ndoana sikioni au jichoni. Vaeni miwani.

Trauti wa baharini anatufundisha kitu tofauti, ulaini. Anavuliwa usiku, maana mchana ni mwoga sana, kwa fimbo ya mkono mmoja ya futi 9 na nusu hadi 10, namba 6 hadi 8. Anakamata kwa nguvu na mdomo wake ni laini, unachanika. Fimbo ngumu inayopinda nchani tu inamng'oa ndoana. Inayopinda taratibu mpaka karibu na mpini inameza ule mshtuko. Tena gizani huoni mshipi wako, na fimbo laini inakupa habari mkononi kwamba sasa umenyooka nyuma, sukuma. Anayevua hapa kuanzia jua linapozama na kuendelea, sangara wanaposogea kwenye maji mafupi, atafute fimbo ya tabia hiyo. Uuzaji wa siku hizi unasifu ugumu peke yake, na wanunuzi wanaamini.

Utamu wa fimbo, wa kukufanya urudi ziwani hata siku usiyopata kitu, uko hapo: inapopinda kwa mshipi wake na kuuachia bila wewe kutia nguvu. Huwezi kuupata dukani kwa kuitikisa fimbo tupu hewani. Fungeni rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, pitisheni mshipi, tokeni nje, mita 9, rusheni. Asiyekubali mfanye hivyo msimpe hela.

Muda unakwisha, nitakwenda haraka. Pete za fimbo, zile mshipi unamopita: pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete, kikinasa, pete ina ufa na itakata mshipi. Viungo, pale vipande vya fimbo vinapoingiliana: unganisha pete zikiwa robo mzunguko nje ya mstari, kisha zungusha huku unasukuma mpaka zinyooke. Urushaji wa mikono miwili unasokota viungo mpaka vinalegea, na fimbo nyingi huvunjika hapo. Zungushia utepe wa umeme, kagua kila nusu saa. Ndoana ikinasa jiwe, elekeza fimbo kwenye jiwe na vuta mshipi kwa mkono, usipinde fimbo. Samaki akiwa karibu, usiisimamishe fimbo wima, nguvu yote inakwenda nchani na ncha inakatika.

Kukamata, yaani kumnasa samaki anapochukua inzi. Kwa samoni usivute. Acha ageuke, mshipi ukaze wenyewe. Kwa sangara ni kinyume, mdomo wake mgumu: fimbo ielekee majini, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, mara mbili. Meno yake ni kama msasa, yanasugua nailoni, kwa hiyo kipande cha nailoni cha mbele, kati ya mshipi na inzi, kiwe na unene wa milimita 0.6, na kibadilishwe kikiwa na mikwaruzo. Aliye chini ya sentimita 50 anarudi majini, hiyo ni sheria.

La mwisho, nalo silipunguzi. Fimbo za siku hizi ni nyuzi za kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Ziwa hili lina radi nyingi sana, hasa usiku. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, laza fimbo chini na uondoke kwenye jiwe, usingoje mvua. Na usipite na fimbo iliyounganishwa chini ya nyaya za Tanesco.

Rili sijaigusa, tutaongelea hapo nje. Fimbo tatu ziko mezani, namba zimefunikwa kwa utepe. Shikeni kila moja na mishipi yote mitatu, mniambie ipi ni ya ipi kabla hatujafunua.