Fundi, Pampu Inaunguruma

BEKA: Haya, taa imewaka. Karibuni tena jamani. Mimi Beka, mtu wa maji. Huyu hapa dada yenu Mwana, mtu wa umeme, ambaye leo kachelewa dakika ishirini.

MWANA: Foleni ya Ubungo. Usianze.

BEKA: Si walijenga barabara za juu pale, ngazi tatu, zikazinduliwa 2021?

MWANA: Foleni nayo ikapanda ngazi. Tuendelee, mada ya leo nzito. Unafufuaje ari ya uhandisi ukishaikinai kazi? Nina mambo manne hapa kwenye karatasi, nimeyaandika kwa mkono, na safari hii tutayamaliza.

BEKA: Tutayamaliza. Ila kwanza ngoja niwape kisa cha Jumanne.

MWANA: Mungu wangu.

BEKA: Kifupi tu. Wasikilizaji wa siku nyingi mnanijua. Kampuni yetu inaziba mabomba kwa mkataba, na tangu nipandishwe cheo kazi yangu ni majedwali. Mita ngapi zimelazwa, maji kiasi gani yamepotea, saini hapa. Miaka mitatu sijashika spana. Jumanne mwenzangu kaamka na homa, bosi ananiambia Beka nenda Goba, bomba limeshazibwa, kawafungulie watu maji.

MWANA: Ukaenda na viatu vya ofisini.

BEKA: Vile vya harusi ya mdogo wangu. Nafika, chemba imejaa tope na chupa za plastiki, nainua kifuniko, mende wanatoka kama wametumwa. Nikaingiza ufunguo kwenye geti valvu, ile koki kubwa ya bomba la mtaa. Sasa pale hutakiwi pupa. Nusu mzunguko, unasubiri. Nusu tena, unasubiri. Ukifungua kwa fujo maji yanakuja na kishindo, yanapasua palepale mlipoziba jana. Kama robo saa hivi nazungusha, halafu nikasikia mtaa unapumua.

MWANA: Unapumua vipi?

BEKA: Fyuuu. Hewa inatangulia. Kila bomba la nje linazomea, halafu yanakohoa, halafu yanatoka maji mekundu kama chai ya rangi, mpaka yakatakata. Kuna mama alikuwa kapanga ndoo saba mstari mmoja. Ya saba ilikuwa ndoo ya mtoto, ile ya kuchezea mchanga. Hata hiyo aliijaza. Dada, nilisimama pale na tope magotini nikasema kumbe ndiyo kazi yangu hii.

MWANA: Vizuri sana. Sasa jambo la kwanza kwenye karatasi…

BEKA: Yule mama akaniita, "Fundi!"

MWANA: [anacheka] Mhandisi aliyesajiliwa!

BEKA: "Fundi, maji yametoka, asante, sasa na pampu yangu hii? Nikiwasha inaunguruma tu, haizunguki." Nitasema nini? Nikasema lete niione.

MWANA: Wewe, pampu? Ndipo uliponipigia. Nipo kwenye kikao, natetemeshewa simu mara tano, nikajua kuna msiba. Natoka nje, naulizwa, "Mwana, hivi pampu ikiunguruma inamaanisha nini?"

BEKA: Ukajibu kama daktari. "Inaunguruma na shafti haizunguki? Kapasita." Hata salamu hukunipa.

MWANA: Mota ya fezi moja inahitaji msukumo wa kuianzisha, haiwezi kuanza yenyewe. Kapasita ndiyo inayoutoa. Ikifa, mota inabaki kulia. Nikamwambia fungua kile kiboksi cha pembeni, utaona kitu cha mviringo. Akaniambia, jamani naapa, "Kimevimba kama andazi."

BEKA: Kilikuwa kimevimba kama andazi!

MWANA: Nikamwambia usikishike, hata ukizima umeme kinaweza kuwa kimetunza chaji.

BEKA: Nikarudi nyuma hatua tatu. Mama ananitazama. Akamtuma mtoto akamwite kijana wa pale kona anayetengeneza feni. Kijana kaja na kandambili na kapasita mfukoni. Mfukoni, Mwana! Dakika nne pampu inazunguka. 15,000. Akaniangalia viatu, akasema, "Ninyi bosi ni watu wa makaratasi."

MWANA: Huyo ndiye tungemwalika leo.

BEKA: Nilichukua namba yake.

MWANA: Basi tuingie kwenye mada. Jambo la kwanza…

BEKA: Ila mada ndiyo hiyo. Miaka mitatu nilikuwa naona asilimia, sioni ndoo. Oktoba 2022, mto Ruvu ulivyoshuka Dar nzima ikaingia mgao wa maji, mimi nyumbani nabeba madumu kama kila mtu, ofisini najaza jedwali la mita za bomba. Sikuwahi kuunganisha. Kwangu mimi kila mhandisi atolewe ofisini mara moja kwa mwezi, akamwone anayemfanyia kazi. Ari inarudi yenyewe.

MWANA: Hapo tunaachana.

BEKA: Kwa nini?

MWANA: Kwa sababu mama wa ndoo mimi simwoni kamwe. Mimi napanga rilei za ulinzi. Waya ukikatika Mbezi ukaanguka chini, rilei inatakiwa ihisi, ikate laini kabla mtoto hajaukanyaga. Ikifanya kazi sawasawa, ninachopata ni matusi kwamba umeme umekatika tena. Bwawa la Nyerere lina mitambo 9, megawati 2,115, watu wanapiga nalo picha. Nani kapiga picha na rilei? Mtoto ambaye hakufa hajui kwamba hakufa. Sasa ukiniambia maana ya kazi iko kwenye ndoo ya mama, mimi nifunge duka?

BEKA: Uende Mbezi. Ukae na mama yake huyo mtoto. Ungepanga rilei kwa moyo mwingine.

MWANA: Ningepanga vilevile! Hesabu haiongezwi moyo. Na wewe, siku mtaa ukiwa hauna mtu wa kukuchekea, utafungua valvu kwa pupa?

BEKA: Sisemi hivyo. Nasema nilikuwa nasaini majedwali bila kuyasoma vizuri. Nakiri hapa hewani.

MWANA: Huo si upungufu wa ari. Ni uzembe. Na ulikula kiapo.

[kimya]

BEKA: Umenipiga.

MWANA: Siku ya Wahandisi, umenyoosha mkono, mbele ya Bodi ya Usajili. Ulitokwa na machozi, nina picha. Kule Kanada wana pete ya chuma, mhandisi anaivaa kidole cha mwisho cha mkono anaoandikia, ili kila akichora imkwaruze karatasi. Walianza 1925.

BEKA: Ile iliyotengenezwa kwa chuma cha daraja lililoanguka.

MWANA: Hiyo ni hadithi ya vijiweni, pete hazikutoka kwenye daraja. Ila daraja lenyewe lilianguka kweli, Quebec, 1907, wafanyakazi 75 wakafa. Pete haikukumbushi mama anayecheka. Inakukumbusha kwamba unaweza kuua.

BEKA: Mimi siwezi kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya hofu.

MWANA: Mimi ndiyo inayoniamsha.

BEKA: Utachoka.

MWANA: Nina miaka kumi na moja sijachoka. Aliyechoka ni nani hapa?

BEKA: Mimi nilichoka kwa sababu sikuona watu.

MWANA: Ulichoka kwa sababu ulipandishwa cheo ukaacha kupiga hesabu. Ile robo saa kwenye chemba, nusu mzunguko, kusubiri, mwenyewe umeisimulia macho yanang'aa. Mama alikuwa bado hajatokea!

BEKA: Nilikuwa namsikia.

MWANA: Ulikuwa unasikia hewa, Beka.

BEKA: Hewa ya nani sasa? Si ya mabomba ya watu?

MWANA: Haya. Hukubali, sikubali.

BEKA: Na ile pampu je? Mbona ulitoka kwenye kikao?

MWANA: Nilidhani kuna msiba, nimeshasema.

BEKA: Baada ya kujua hakuna msiba ulikaa kwenye simu dakika kumi na mbili. Nimeangalia.

MWANA: Kapasita ni kitu kizuri.

BEKA: [anacheka] Kijana wa studio ananionyesha vidole vitano. Dakika tano? Eti tumalize, wenzetu wa bongo fleva wako mlangoni.

MWANA: Na mambo yangu manne!

BEKA: Soma vichwa tu.

MWANA: La kwanza, mlezi. Tafuta mtu aliyekutangulia kazini… Simu ya nani hiyo? Tulikubaliana tuzime.

BEKA: Yangu. Samahani. Ni… "Mama Goba Ndoo."

MWANA: Ulimsevu hivyo? Pokea.

BEKA: Tuko hewani.

MWANA: Pokea, Beka.

BEKA: Haloo? Shikamoo mama. Ndiyo. Ndiyo, ndiye mimi fundi.

MWANA: Muulize kama inaunguruma.