Wadhamini Wawili

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Nikikitaja chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, DAR, najua wengi mnamkumbuka mwimbaji Marian Anderson. Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi wao wa Constitution Hall, Washington, kwa sababu ni mweusi. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akajitoa chamani, na Jumapili ya Pasaka, Aprili 9, Marian akaimba mbele ya sanamu ya Lincoln, watu 75,000 wakimsikiliza. Kisa hicho kinasimuliwa kila mahali kwa kuwa kinaishia kwa shangwe, na ndiyo maana kinanikera. Watu hupiga makofi wakaenda zao. Suala lile lilikuwa nani aimbe ukumbini. Mimi nauliza nani alikubaliwa kuwa mwanachama.

Chama kilianzishwa 1890. Sharti lake kuu ni kwamba mwanamke athibitishe kwa maandishi kuwa ni mzao wa mtu aliyesaidia kupigania uhuru wa Marekani kutoka kwa Waingereza. Sasa sikilizeni vizuri. Watu weusi wanaokadiriwa kufika 5,000 walipigana vita ile upande wa George Washington. Damu yao ilimwagika, na wazao wao wapo. Lakini mwanamke mweusi wa kwanza anayejulikana kupokewa chamani, Karen Batchelor Farmer wa Detroit, aliingia mwaka 1977. Miaka 87 ilikuwa imepita!

Nije kwa Lena Ferguson, na hapa mnivumilie, maana kisa hiki sichoki kukieleza. Lena alikuwa mkazi wa Washington. Mmoja wa wazee wake, Jonah Gay, alikuwa mzungu wa jimbo la Maine aliyeunga mkono mapinduzi hayo ya kudai uhuru. Karatasi zake zilikuwa safi, nasaba imekamilika kizazi baada ya kizazi. Akaomba kuingia. Akaambiwa vyema, ila ili tawi likupokee unahitaji wadhamini wawili kutoka kwa wanachama wa tawi hilo. Basi, hapo ndipo mambo yalipokwama. Hakuna aliyemwambia kuwa karatasi zake zina kasoro. Wadhamini tu hawakupatikana, mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Hamtaona neno “rangi” kwenye sharti lile. Halikuhitajika. Ilitosha kila mwanachama akae kimya nyumbani kwake, na mama wa watu abaki nje bila mtu hata mmoja wa kumshtaki.

Najua kuna atakayesema: chama ni cha watu binafsi, wana haki ya kumchagua wampendaye. Hapana, ndugu yangu. Chama hiki kilipewa hati ya kutambuliwa rasmi na Bunge la Marekani mwaka 1896, na mali zake Washington zilisamehewa kodi. Maana yake hata mweusi aliyezuiwa mlangoni alikuwa anachangia kukibeba kwa kodi yake. Baraza la jiji lilipotishia kuuondoa msamaha huo, mazungumzo kati ya chama na upande wa Lena, yaliyokuwa yamelala, yakaamka. Mwaka 1984 wakafikia makubaliano, Lena akaingia tawini, na chama kikaahidi kuyatafuta majina ya askari weusi wa vita ile.

Mwingine atasema: lakini ushahidi wa maandishi unadaiwa kwa kila mtu, ubaguzi uko wapi? Swali hili nimelijibu mara nyingi na nitalijibu tena. Fungueni sensa ya watumwa ya mwaka 1860. Jina la mmiliki limeandikwa kwa wino, kamili. Chini yake mistari: umri, jinsia, rangi. Miaka 34, mwanamke, mweusi. Miaka 9, mwanamume, chotara. Majina yao hayapo. Wengi wa waliokuwa watumwa waliandikwa kwa majina katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Ndoa zao zilikuwa hazitambuliwi na sheria. Halafu unamwambia mjukuu wao akuletee cheti cha ndoa cha bibi wa bibi yake! Angalieni walioingia: Karen Batchelor Farmer alipitia kwa William Hood, mhamiaji kutoka Ireland, Lena kwa Jonah Gay. Wote wawili iliwabidi wapate babu mzungu mwenye karatasi. Mzao wa mweusi aliyeshika bunduki mwenyewe alikuwa na njia ngumu kuliko wao.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema habari za vyama vya wazao wa wapiganaji wa majimbo ya Kusini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe na masanamu waliyoyasimamisha, na Wahindi Wekundu, wenyeji asilia wa Marekani, ambao nao walipigana vita ya uhuru wakasahauliwa. Itabidi tukutane siku nyingine.

Ila hili silikati. Mwaka 2008 DAR kilichapisha kitabu chenye majina zaidi ya 6,600 ya watu weusi, Wahindi Wekundu na wenye damu mchanganyiko waliolitumikia taifa lile katika vita ya uhuru. Majina hayo yalitoka kwenye orodha za vikosi, mafaili ya pensheni na vitabu vya miji, karatasi zilizokuwepo muda wote Lena akisubiri wadhamini. Zilianza kusomwa kwa bidii baada ya mtu kulazimishwa kuzisoma. Anayetetea vyama hivi kwamba “ushahidi haukuwepo” anijibu hilo kwanza, kisha tuendelee na maswali mengine.