Kabla ya Adamu palikuwa na nini? Mjusi wa Tendaguru na siku sita za Mwanzo

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni sana. Wazee wangu na mama zangu shkamooni, na nyie vijana mliojaa kule nyuma habari za jioni. Nimepewa saa moja tu kwahiyo ukiwa na swali nyoosha mkono hapo hapo, usisubiri mwisho.

Mada mmeichagua wenyewe, kwenye vile vikaratasi vya wiki iliyopita swali lililojirudia kuliko yote ni hili, kabla ya Adamu dunia ilikuwaje? Wengine mmeandika kabisa "na mjusi wa Tendaguru aliumbwa siku gani?" yaani yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa hapa kwetu, na mimi nimefurahi mno maana hilo ni swali la mtu wa Lindi hasa, mtu wa kwingine hawezi kuuliza hivyo.

Tuanze na Mwanzo 1. "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi. Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu, na giza lilikuwa juu ya uso wa vilindi vya maji." Alafu inakuja nuru, anga, bahari na nchi kavu, majani, jua na mwezi, samaki na ndege, wanyama. Mtu unakutana nae mstari wa 26. Sura yenyewe ina mistari 31. Yaani sisi tumeingia mwishoni kabisa na hata siku yetu peke yetu hatujapewa, siku ya sita tunaigawana na ng'ombe na vitambaavyo na wanyama wa mwituni. Hilo liwekeni kichwani, ntalirudia.

Sasa twende Tendaguru, hapo tu juu, kilomita kama 60 kutoka hapa mjini. Mwaka 1906 injinia mmoja wa Kijerumani, Sattler, alikuwa anazunguka huko akitafuta mawe ya thamani, akakuta mfupa mkubwa mno umechomoza ardhini. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu, Fraas, akaangalia akarudi kwao kuwaambia wenzake kuna kitu kule, na kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin wakaleta msafara wa kuchimba. Nasema wakaleta msafara lakini waliochimba ni watu wa huku, kuna kipindi walifika mia tano, watu ambao ndio kwanza wametoka kwenye vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi wakampa mnyama mmoja wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii, kwahiyo kijana ukisoma mambo haya jina la Boheti utalikuta. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani siku kadhaa mpaka bandarini hapa Lindi, zaidi ya tani 200, ikapanda meli kwenda Ujerumani. Yule mkubwa amesimamishwa Berlin mpaka leo, urefu wake kwenda juu umepita mita 13, na mimi niko upande wa wale wanaosema watoto wa Lindi wana haki ya kumuona bila kuomba viza.

Umri wake ni kama miaka milioni 150. Najua wapo wanaotingisha kichwa, subirini. Kinachonigusa zaidi mimi sio hata ukubwa wa mnyama, ni udongo wenyewe. Pale Tendaguru kuna tabaka lina mifupa ya mijusi, juu yake tabaka lina makombe na viumbe vya baharini, juu yake tena mifupa ya mijusi, alafu tena bahari. Maana yake nini? Maana yake pwani hii hii ya kwetu bahari ilipanda ikakaa muda mrefu, ikarudi nyuma, wanyama wakaja kuishi, wakazaliana wakafa, bahari ikapanda tena. Sasa kuna watu wanasema yote hiyo ni gharika ya Nuhu. Ndugu zangu, gharika ya mwaka mmoja haiwezi kupangilia hivyo, makombe yanahitaji muda wa kukua, tabaka nzima ya makombe haijengwi kwa mwaka mmoja.

Na nyie mliozoea kusikia dunia ina miaka elfu sita, hiyo namba haipo kwenye Biblia, hata mstari mmoja hauisemi. Aliyeipiga hesabu ni askofu wa Ireland, James Ussher, mwaka 1650, alijumlisha umri wa wazee wa kwenye Mwanzo pamoja na miaka ya wafalme akapata dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi mkubwa na hesabu yake aliifanya kwa bidii, lakini baadae tarehe zake zikachapishwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza na watu wakazisoma kama vile zimeshuka pamoja na Musa. Wanaopima mawe kwa sasa wanasema dunia ina miaka bilioni 4.54.

Haya, sasa hili la dunia ya Lusifa, maana nimeliona kwenye vikaratasi vingi. Mafundisho yanasema hivi, kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna pengo, Mungu aliumba dunia nzuri, ikawa chini ya Lusifa, na ndani yake kulikuwa na mataifa ya watu wa kabla ya Adamu, Lusifa akaasi, Mungu akaiharibu ndio ikawa ukiwa na utupu, na mapepo ya leo ni roho za wale watu. Nimeyasikia kwenye semina nyingi na kwenye redio, na wanaofundisha ni watu wa maombi, nawaheshimu. Ila mjue yametoka wapi. Aliyeieneza ile habari ya pengo ni mhubiri wa Uskoti, Thomas Chalmers, mwaka 1814, wakati wanajiolojia wameanza kusema dunia ni ya zamani sana na wakristo wanatafuta pa kuiweka hiyo miaka. Alafu 1909 Mmarekani Scofield akatoa Biblia yenye maelezo yake chini ya kurasa, akaliweka na pengo humo, wamisionari wakaisambaza, ikatufikia.

Mimi siikubali, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni maandiko yenyewe. Wanatumia Isaya 14 na Ezekieli 28, lakini ukifungua Isaya anasema huo ni wimbo juu ya mfalme wa Babeli na Ezekieli anaomboleza juu ya mfalme wa Tiro. Unaweza kusema nyuma ya hao wafalme yupo shetani, sawa, kanisa limesema hivyo tangu zamani, ila mataifa ya watu kabla ya Adamu hayapo pale kabisa, mtu kayaongeza. Ya pili ni mawe. Kama dunia ya kwanza ilifutwa yote ikaanza upya tungekuta mahali ambapo kila kitu kimekatika, chini kuna uhai wa aina moja alafu hakuna alafu uhai mpya kabisa. Hakuna tabaka la namna hiyo. Hata ule msiba mkubwa wa miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kilipopiga kule Mexico na mijusi mikubwa ikaisha, bado mamba walipita, kasa walipita, ndege walipita, wanyama wadogo wenye manyoya walipita. Uzi haukukatika. Mamba unaemuona Rufiji leo, ndugu zake walikuwepo zama za mjusi wa Tendaguru.

Kaka pale anauliza, sasa kama sio pengo basi hizo siku sita unazifanyaje?

Nakushukuru. Hili sio swali la juzi baada ya sayansi kuja, waliuliza waafrika wenzetu kabla hata ya neno jiolojia kuwepo. Origeni wa Aleksandria kule Misri, karne ya tatu, alisema mtu mwenye akili gani atadhani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua? Maana jua limekuja siku ya nne, hesabuni. Na Agustino, amezaliwa Thagaste ambayo leo ni Algeria, alihangaika na sura hii karibu maisha yake yote ya ukristo akaona hizi sio siku kama zetu, akaenda mpaka kusema Mungu aliumba vyote kwa mara moja na siku zimepangwa ili sisi tuelewe. Huyo huyo alionya mkristo asiongee ovyo habari za nyota na dunia mbele ya wasioamini wanaozijua, maana wakimsikia anakosea kwenye wanachokijua watamwaminije kwenye habari za ufufuo? Maneno ya miaka kama 1600 iliyopita hayo na mimi kila nikisoma naona anatuongelesha sisi hapa.

Angalieni mpangilio wenyewe. Siku ya kwanza nuru na giza, ya nne jua na mwezi na nyota. Ya pili anga na maji, ya tano ndege na samaki. Ya tatu nchi kavu na majani, ya sita wanyama na mtu. Tatu za kuandaa mahali na tatu za kuwaweka wenyeji. Mimi kwa mtazamo wangu mwandishi anapanga ili tujue nani kafanya na kila kitu nafasi yake ni ipi, habari ya masaa haimhusu. Na siku ya saba haina "ikawa jioni ikawa asubuhi", imeachwa wazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndio limenileta. Tunaongea kama vile hiyo miaka yote kabla yetu ni miaka ya bure, kama Mungu alikuwa anasubiri tu mtu apatikane. Nendeni Ayubu 38. Mungu anamuuliza Ayubu, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Alafu mstari wa 26 anaongelea kuleta mvua kwenye nchi isiyo na watu, jangwani, mahali hakuna mwanadamu yeyote. Hakuna anaelima, hakuna anaekinga ndoo, na mvua inanyesha kwasababu Mungu anataka pawe na majani pale. Sikilizeni hiyo. Yeye anajali mahali ambapo sisi hatupo!

Na mvua ya namna hiyo tunayo imeandikwa kwenye jiwe hapa hapa Tanzania. Kule Laetoli, Ngorongoro, volkano ilimwaga majivu miaka milioni 3.66 iliyopita, mvua ndogo ikanyesha juu yake na matone yameacha vishimo mpaka leo. Umri unapimwa kwenye hayo majivu, ndani yake kuna potasiamu ambayo inageuka taratibu kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana, ukipima agoni iliyojikusanya unajua ni lini yalitoka kwenye moto. Juu ya majivu wakapita tembo, twiga, sungura, kanga, nyayo zote zipo. Na mwaka 1978 timu ya Mary Leakey wakakuta nyayo za wanaotembea kwa miguu miwili kama sisi, mstari wa mita 27 hivi.

Dada anauliza kama hao ndio Adamu na Hawa. Hapana, mimi sisemi hivyo. Hao ubongo wao ulikuwa mdogo kama wa sokwe, na watu wa mwili kama wetu wanaonekana miaka kama 300,000 iliyopita. Kubuni kwangu, na nasema ni kubuni msije mkanukuu kama neno la Bwana, Adamu sio wa kwanza kusimama kwa miguu miwili, Adamu ni wa kwanza kuitwa na Mungu akaitika, yule aliyepewa amri na akawa na uwezo wa kuivunja. Mavumbi ya ardhi yanaweza kuwa na historia ndefu kabla hayajapuliziwa pumzi. Wapo watumishi hawataniunga mkono hapa na bado ni ndugu zangu.

Swali gumu zaidi limetoka kwa mzee wangu hapa mbele, kwamba kama wanyama walikufa kabla ya Adamu, na Paulo anasema mauti imeingia kwa dhambi, inakuwaje? Mzee, hili limeninyima usingizi kweli. Maana ushahidi upo, Tendaguru kumeokotwa meno ya walao nyama, na Canada kuna mfupa wa mguu wa dinosaria mwenye kansa, wametangaza 2020. Kifo na maumivu vilikuwepo. Lakini Warumi 5 Paulo anasema mauti ikawafikia watu wote kwasababu wote wamefanya dhambi, anaongelea watu, simba hajafanya dhambi. Na Zaburi 104 inasema wana simba wananguruma wanamuomba Mungu chakula na Mungu anawapa, mwimbaji anamsifu Mungu kwa hilo, haombi radhi. Ila ile kansa, mzee wangu, sina jibu la kukuridhisha. Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja kuwekwa huru na mimi ndipo niliposhikilia.

La mwisho maana muda umeisha, mama anauliza kwanini Biblia haikumtaja mjusi wa Tendaguru. Mama yangu, wa kwanza kusikia Mwanzo walizungukwa na mataifa yanayoabudu jua na mwezi na kuogopa majoka ya baharini, ndio maana jua na mwezi humo vinaitwa tu mianga miwili, na wale wanyama wakubwa wa baharini wanatajwa kama viumbe tu vilivyoumbwa siku ya tano. Hilo ndilo walilohitaji. Lakini someni mstari wa 22, baraka ya kwanza kabisa kwenye Biblia nzima, "zaeni, mkaongezeke", hatukupewa sisi. Wamepewa samaki na ndege, mtu hajaumbwa bado. Na ndege, wanaochunguza mifupa wanasema ni uzao wa dinosaria, kwahiyo mama, wale kuku ulionao nyumbani ni ndugu wa mbali wa mjusi wa Tendaguru, na baraka hiyo bado wanayo.