Kaya Zikihama, Mapato Huhesabiwa Wapi?

Assalamu alaykum wazee wangu, kina mama na vijana. Shukrani kwa mliovuka Mokowe alfajiri mkaja nasi hapa Malindi.

Mkisikia kwamba kaunti fulani ya Marekani “imepoteza” mamilioni ya dola kwa sababu watu wamehama, aghalabu msemaji ameyatoa kwenye majedwali ya IRS, mamlaka ya kodi ya huko. Majedwali hayana ubaya. Wasomaji ndio wanaoharibu.

Ritani ya mlipa kodi, yaani fomu ya mapato anayowasilisha kila mwaka, hulinganishwa na ya mwaka uliotangulia kwa namba yake ya utambulisho. Anwani ikiangukia kaunti nyingine, amehesabiwa kuwa kahama. Idadi ya ritani huchukuliwa kuwa ni kaya, kisha kuna safu ya watu na safu ya mapato. Hii ya mapato huandikwa kwa maelfu ya dola. Tuseme mnaona ritani 50, watu 110, mapato 4,000: hizo ni dola milioni 4, wastani wa 80,000 kwa kaya. Na mkiona −1, msiijumlishe! Ni alama kwamba mkondo huo, yaani waliotoka kaunti moja kwenda nyingine, una ritani chache mno, chini ya 20, ukafichwa ili watu wasitambulike.

Sasa lililo zito. Ritani iliyofailiwa 2022 hubeba anwani ya 2022 na mapato ya 2021. Aliyehama Januari 2022 aliyachuma yote kaunti ya zamani, lakini jedwali linayaandika kwenye kaunti mpya. Halafu mshahara haupakiwi kwenye lori pamoja na makochi. Mwalimu akihama, shule huajiri mwingine na mshahara ukabaki palepale. Mstaafu ni habari tofauti: pensheni humfuata aendako, na maduka ya alikotoka huhisi pengo. Jedwali la kaunti haliwatenganishi hao wawili. Kidokezo cha umri kipo kwenye majedwali ya majimbo, kuanzia data ya 2011–2012, yanayogawa wahamaji kwa umri na kiwango cha mapato. Mimi huanzia huko kabla ya kuamini neno “hasara”.

Wasiofaili, wakiwemo wazee wengi na wenye kipato kidogo, hawamo kabisa.

Na kwetu je? Sensa ya 2019 iliuliza mtu alikozaliwa na alikokaa awali, mapato haikuuliza. Ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, zina mapato, ila tunafaili hadi 30 Juni kwa mapato ya mwaka uliokwisha Desemba, basi mtego ni ule ule: aliyefanya kazi hotelini Malindi mwaka mzima, akahamia Lamu Machi, angeonekana amepeleka Lamu fedha zilizochumwa Kilifi, kaunti ya Malindi. Na hilo ni kama alibadilisha anwani kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Mvuvi wa Kizingitini anayeuza kwa taslimu ufukweni huenda asionekane popote, ahame asihame.