Mama Kaomba Sukari

ZUHURA: Karibuni tena, jamani. Shemeji huyu hapa mbele yangu. Kanuna tangu Jumapili.

KASSIM: Sijanuna. Nimeumia.

ZUHURA: Haya, simulia. Mimi nilikuwepo mezani, nikisimulia nitaambiwa napendelea upande wa mama yangu.

KASSIM: Jumapili nilimpikia mama mkwe. Nyama ya kusaga, nyanya, karoti, kitunguu, moto mdogo, saa mbili na nusu. Sikubandika vitu nikaenda kulala, nilisimama pale na mwiko. Tambi ndefu nimezitia kwenye maji yanayotokota, naonja kila dakika, nimezitoa zikiwa bado na kaugumu kidogo katikati. Nimepakua vizuri. Mama akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema...

ZUHURA: "Baba, sukari iko wapi?"

KASSIM: Sukari!

ZUHURA: Si uliandika tambi kwenye meseji? Ulimwambia mama, "Njoo ule tambi." Mtu wa Pangani ukimwita aje ale tambi, huyo anakuja na hamu ya iliki.

KASSIM: Na mke wangu akainuka akaileta! Kopo zima!

ZUHURA: Dada yangu kalelewa.

KASSIM: Ngoja. Kosa langu nalikubali, ila si la sukari. Mchuzi wote ulikimbilia chini ya sahani. Tambi juu nyeupe, nyama chini imekaa peke yake kama imesuswa. Tambi ndefu ni nyembamba, za mviringo, zinateleza. Chembe za nyama hazina pa kushikilia. Bologna, mji wa Italia ambako mchuzi huo ndiko kwao, hawaupiki na spaghetti, yaani hizi tambi ndefu. Wanaula na tagliatelle, mikanda bapa ya unga na mayai. Mwaka 1972 walipeleka kipimo cha mkanda huo kwenye chemba ya biashara ya mji: ukishaiva, upana milimita 8.

ZUHURA: Wakapima na rula?

KASSIM: Wakapima.

ZUHURA: Mama angeletewa na hiyo rula, bado angeomba sukari.

KASSIM: Sikiliza lakini. Mchuzi wenye vipande unataka umbo lenye pa kushika. Chukua yale mabomba mafupi yenye mifereji, rigatoni, nyama inaingia mpaka ndani. Tambi ndefu zipe kitu chepesi, mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, kinazipaka tu. Huko Puglia, kusini ya Italia, wana orecchiette, maana yake visikio. Wanavipika na mboga za majani chungu chungu, kila kisikio kinajichotea chake.

ZUHURA: Visikio? Basi hivyo vingemsikia mama.

KASSIM: Shemeji.

ZUHURA: Samahani. Hapana, sikuombi samahani, nina hoja. Wewe unachemsha, unachuja, ndipo unatafuta mchuzi wa kuzimwagia. Halafu unashangaa umekimbia! Mama anazivunja, anazikaanga kwenye samli mpaka ziwe rangi ya karanga, ndipo anatia tui, sukari, iliki, zabibu kavu. Anafunika. Tui linakauka humo humo. Umewahi kuona tui la mama limekimbilia chini ya sahani?

KASSIM: Sijaliona kwa sababu halipo! Mchuzi ukishakauka si mchuzi. Hiyo ni pilau ya tambi.

ZUHURA: Lipo, limeingia ndani. Ndiyo kushikana kwenyewe huko.

KASSIM: Na kuzivunja je? Tambi ndefu imetengenezwa ndefu ili uizungushe kwenye uma.

ZUHURA: Napoli si Italia? Wana ziti, mabomba marefu, wanayavunja kwa mkono kabla ya kuyatia chunguni, na mchuzi wao wa nyama. Ulinieleza wewe mwenyewe mwezi uliopita.

KASSIM: Ziti ni ziti. Mle ndani kuna tundu, ukivunja unaufungulia mchuzi mlango. Tambi ukiivunja umefungua nini?

ZUHURA: Umefungua nafasi ya kijiko. Na watoto wale bila kujipaka kidevuni.

KASSIM: Hilo ni suala la watoto, si la mapishi.

ZUHURA: Mapishi ya nani yasiyo na watoto? Na sukari usiione ajabu. Wasomali baasto yao, yaani tambi, wanaila na ndizi mbivu pembeni, na suugo juu, mchuzi wa nyama. Jina la hiyo suugo limetoka kwa hao hao Waitaliano waliowatawala. Ndizi wakajiongezea wenyewe, na hakuna aliyenuna.

KASSIM: Ndizi iko pembeni! Unaing'ata ukitaka. Mama alitaka kunyunyizia!

ZUHURA: Tofauti ni ya urefu wa mkono tu.

KASSIM: Siikubali hiyo. Bado ni pilau.

ZUHURA: Na mimi sikubali kwamba ulichopika wewe kilikuwa na mchuzi. Kilikuwa na tambi, na jirani yake.

KASSIM: ...

ZUHURA: Kanyamaza. Kijana wa mitambo ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Tulikuwa na masomo matatu leo, shemeji, umeyaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

KASSIM: La kwanza chumvi. Lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za tambi, na chumvi gramu 10, yaani...

ZUHURA: La pili?

KASSIM: Sijamaliza la kwanza! La pili, maji ya kuchemshia usiyamwage yote. Yana wanga, bakiza kikombe, utie kwenye mchuzi ukiwa bado jikoni, uchanganye na tambi humo humo kwenye sufuria, ndipo...

ZUHURA: Humo humo kwenye sufuria?

KASSIM: Ndiyo.

ZUHURA: Mpaka mchuzi uingie kwenye tambi?

KASSIM: Mpaka ushikane na... Zuhura, si kitu kimoja.

ZUHURA: Sijasema neno.

KASSIM: Maji hayakauki yote! Yanabaki mazito, yanang'aa, hiyo ni...

ZUHURA: Somo la tatu litasubiri wiki ijayo, wapendwa. Jumapili mama anakuja tena, kaniuliza kama alete tui au shemeji analo.

KASSIM: Mwambie napika rigatoni.

ZUHURA: Nitamwambia ni tambi fupi.

KASSIM: Usimwambie tambi!